Mzigo Usiopanda Lori

Lori lilikuwa limeingia kinyumenyume hadi mlangoni mwa parseli ya Honoré, kiwanja cha nyumba yake kule Nyakasanza, Bunia, na nusu ya nyumba ilikwisha kupanda juu yake. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Inspekta Camille alisimama getini akahesabu kwanza, kama ilivyo desturi yake, kabla hajamsalimu mtu: magodoro mawili madogo, meza moja iliyolazwa miguu juu, mabidoni manne ya maji, masufuria yaliyoingizwa moja ndani ya lingine, magunia matatu ya nguo. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, vile wanavyofungia mizigo watu wa pikipiki, na kimefungwa vizuri. Aliyekifunga alikuwa amewahi kuhama kwa haraka zaidi ya mara moja.

"Kitanda kubwa haiko," Camille alimwambia Denise, polisi mwenzake.

"Muke ya Honoré aliuza juzi, chef. Jirani njo alinunua."

Camille akaandika. Alikuwa mtu wa kuandika, huyu; ungemwachia asubuhi nzima angeandika hata kuku waliokuwa wakipita uani. Denise, mzaliwa wa Bunia, alikuwa amekwisha kuzoea. Alimsubiri amalize mstari.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa nyepesi, au ndivyo Camille alivyojiambia alipokuwa akinywa chai. Honoré, mwenye nyumba, alikuwa mchuuzi wa samaki. Wiki tano zilizopita aliondoka kwenda Iga Barrière nyuma ya pikipiki ya rafiki yake Claude. Claude alirudi peke yake, na simu ya Honoré mfukoni. Alisema Honoré ameendelea na safari hadi Mahagi, kisha amevuka Uganda kutafuta maisha. Anselme, kaka mkubwa wa Honoré, hakuamini hata neno moja. Alishitaki, na Claude alikuwa na siku kumi na moja ndani ya kasho ya polisi. Kesho asubuhi dosie ya kesi ingekwenda parke, kwa mwendesha mashtaka, na Claude pamoja nayo, kwa kosa la kumpoteza mtu, na mtu akishapelekwa gerezani kwa kesi ya namna hiyo, hata asiye na hatia huota ndevu hadi kifuani kabla jina lake halijaitwa.

Camille hakuona kwamba Claude ni muuaji. Muuaji hampelekei mke wa marehemu simu ya mumewe. Kilichokosekana kwenye dosie kilikuwa kitu kimoja tu: PV, yaani maelezo ya maandishi, ya Jeannine, mke wa Honoré, iliyotiwa sahihi, ikisema kwamba mumewe yu hai na anapiga simu. Kwa mdomo alikwisha kusema. Sasa alikuwa anahama kumfuata, na boti ya Kasenyi ingeondoka saa nane mchana. Basi ilibidi asaini kabla lori halijashuka kuelekea ziwani. Tena Anselme alikuwa amelalamika kwamba shemeji yake anabeba mali ya ndugu yake, kwa hiyo komanda aliagiza vitu vyote viandikwe mbele ya mashahidi.

"Chef," Denise alisema kwa sauti ya chini, "huyu mama tusimukawishe. Weye ulikuwa haujafika hapa wakati Espoir alikufa, mudogo yao mwingine. Kisha kilio, muke yake alitoka mu parseli hii na sahani moja na kitenge ya kuvaa. Batoto batatu, kila moja kwa baba yake mukubwa. Ule wa katikati walimutuma Bule achunge ngombe. Mpaka leo mama yake hajamuona."

"Lakini Honoré hajakufa."

"Njo maana Jeannine anaweza kuenda nabo."

Camille alitikisa kichwa. Yeye alikuwa mwanaume wa Kisangani, mwaka mmoja na nusu tu hapa Bunia, na mambo ya koo za watu aliyaacha mlangoni kama viatu vyenye matope. Alimtuma Denise akamwite chef d'avenue, mkuu wa mtaa, awe shahidi, akaingia uani.

Anselme alikuwa ameketi katikati ya ua juu ya kiti cha plastiki, mahali ambapo kila gunia lilibidi lipite mbele ya magoti yake. Mwanaume wa miaka hamsini, koti limefungwa vifungo vyote. Kando yake, juu ya mkeka, alikaa mama yao, mzee Scholastique, amempakata mjukuu wake wa mwisho. Alikuja kuwaaga wajukuu. Alimpa Camille mkono, akamwombea baraka, akarudia kumfunga mtoto vifungo vya sweta.

"Mimi sikatae, Inspekta," Anselme alisema kabla hajaulizwa. "Muke aende. Lakini batoto ya ndugu yangu babaki mupaka Honoré anipigie mimi simu. Mimi niko mukubwa yake. Tangu aende, simu inalia kwa bibi tu. Kwangu hailie."

Jeannine alikuwa mlangoni, chandarua kimejaa mikononi mwake. Mwanamke mwembamba, macho yamekauka. "Baba yao iko," alisema. "Yeye njo alisema tumufuate. Tangu lini mutu mwenye iko hai anaombewa ruhusa kwa kaka yake juu ya batoto yake mwenyewe?"

Anselme alivuta magoti nyuma. Wote pale uani walijua desturi. Baba akiwa hai, neno lake ndilo neno. Divine, binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alipita katikati yao na gunia kichwani kama hakusikia kitu.

Camille alimhoji Jeannine ndani, katika chumba ambacho kilibaki na alama za miguu ya kitanda sakafuni. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akaweka karatasi juu ya goti.

"Bwana yako alikupigia lini mara ya mwisho?"

"Siku ya mungu, kisha misa."

"Onyesha."

Akatoa simu. Namba ya Uganda ilikuwapo, Jumapili, saa tano na dakika kumi. Camille akaibonyeza mwenyewe. Upande wa pili mwanamke akapokea, akasema, "Dada? Mumekwisha kupakia?" Camille akakata.

"Ni dada yangu," Jeannine alisema. "Honoré iko kwao. Asubuhi anaendaka kazi. Anapigaka na simu ya dada."

"Kazi gani?"

"Ya shamba."

"Mutu wa samaki analima?"

"Mutu mwenye njaa analima, chef."

Camille aliandika hivyo hivyo. Kisha akatazama kikapu cha vyombo kilichokuwa miguuni pake. "Sahani ziko ine. Weye na batoto batatu. Bwana yako atakulia mu nini?"

"Uganda pia sahani iko."

Alikuwa anajibu haraka, na kila jibu lilikuwa na mguu wa kusimamia. Ndiyo maana Camille akaanza kuwa na wasiwasi. Watu wanaosema kweli hukwama, hurudi nyuma, hukosea siku. Huyu alikuwa amepanga maneno yake kama alivyopanga masufuria, moja ndani ya lingine. Hata hivyo, PV ilikuwa inakwenda vizuri, na angeimaliza pale pale, kama asingeinua macho.

Nyuma ya mlango, juu ya msumari, kulikuwa na mzigo. Ulikuwa wa shuka nyeupe, iliyofuliwa ikapigwa pasi, na haukufungwa kwa mpira kama mingine. Ulifungwa kwa ukanda wa kitenge kipya.

"Hii haipande kamiyo?"

"Hapana."

"Ya nani?"

"Ya Honoré. Nguo yake." Kwa mara ya kwanza Jeannine alichelewa. "Inabaki kwa mama yake. Jirani atamupelekea kesho."

"Bwana yako anakungojea kule, analima na nguo moja, na nguo yake yote inabaki Bunia?"

Jeannine alikunja chandarua, akakikunjua, akakikunja tena. Nje dereva wa lori alipiga honi mara mbili, kwamba mchana hautamngoja mtu.

Sasa, mpelelezi akikutana na fundo moja ambalo halifanani na mengine, damu yake huchemka, na ya Camille ilichemka. Alikumbuka kwamba nyuma ya Iga Barrière watu wanachimba dhahabu, na dhahabu hulala vizuri ndani ya mfuko wa suruali iliyokunjwa. Akakumbuka pia kwamba Anselme alikwisha kumnong'oneza mara tatu kwamba Jeannine na Claude wanajuana zaidi ya inavyofaa. Nguo za mume zinazoachwa nyuma. Zilizofuliwa zote. Pengine zilikuwa na damu. Alisimama, akautoa mzigo msumarini, akaupima uzito kwa mkono.

"Nitafungua."

"Fungua," Jeannine alisema. "Lakini humu ndani. Funga mulango, chef, nitakufungulia mimi mwenyewe, uone moja moja, uandike yote. Nitakuambia na yenye haujauliza. Lakini usiitoshe inje. Nakuomba."

"Iko nini ndani?"

"Nguo."

"Kama ni nguo tu, unaogopa nini?"

"Usiitoshe inje," alirudia. Alikuwa ameshika mkono wa shati la Camille, na mwanamke wa pale hamshiki polisi mkono hivi hivi. "Mama yake iko pale."

Ingekuwa siku nyingine, na mpelelezi mwingine, mvivu kidogo, mtu wa kufunga mlango na kumaliza mambo kimya kimya, hadithi hii ingeishia Kasenyi kwenye boti. Lakini Camille alikuwa mnyoofu. Alikwisha kuona PV ngapi zilizoandikwa nyuma ya milango iliyofungwa, na aliapa tangu alipovaa kofia kwamba yake haitakuwa mojawapo. Vitu viandikwe mbele ya mashahidi. Ndivyo alivyoagizwa, na ndivyo alivyoamini. Alimwondoa mkono Jeannine kwa upole kabisa, akatoka na mzigo uani.

Chef d'avenue alikuwa amefika, kofia mkononi, Denise nyuma yake. Denise aliona shuka ile nyeupe na ukanda wa kitenge, akafungua mdomo, akapiga hatua mbili za haraka. Alichelewa. Camille alikuwa amekwisha kuinama, ameweka mzigo juu ya mkeka, na fundo lilikuwa jepesi.

"Suti moja, ya rangi ya majivu," alisoma kwa sauti huku akiandika. "Mashati matano. Suruali ine. Mukanda. Viatu pere moja, vimepigwa rangi. Bibilia."

Hakuna dhahabu. Hakuna damu. Kila shati lilikuwa limepigwa pasi, likakunjwa shingo ikiwa ndani. Camille alipapasa mifuko, mmoja baada ya mwingine, na hakupata hata punje ya mchanga. Alijisikia mjinga kidogo, akaanza kutafuta neno la kumtuliza Jeannine. Ndipo alipogundua kwamba ua mzima unatazama mkeka. Hata wapakiaji walikuwa wamesimama juu ya lori na gunia mikononi.

Mzee Scholastique alimteremsha mtoto kutoka mapajani. Alisogea kwa magoti mpaka kwenye shuka, akachukua shati la juu, akaikunjua shingo yake, akairudisha ndani kama ilivyokuwa. Akagusa la pili. La tatu hakuligusa.

"Jeannine," aliita, bila kuinua kichwa. "Mutoto yangu. Siku ngapi?"

Jeannine alikuwa amesimama kizingitini. Aliwatazama watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anawahesabu. Kisha akasema, "Trente-deux, mama. Makumi tatu na mbili."

Bibi kizee akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikufanana na mwili ule mdogo. Parseli ya pili ilisikia, ya tatu ikasikia. Mwanamke mmoja akaitikia ng'ambo ya barabara kabla hata hajajua ni nani aliyekufa. Camille alibaki ameinama pale na kalamu yake, akiangalia kutoka uso mmoja hadi mwingine, mtu pekee katika ua ule ambaye alikuwa hajaelewa.

Denise akamwinua kwa kiwiko. "Chef, kwabo nguo ya marehemu inafuliwa yote siku moja. Inakunjwa shingo ndani, inawekwa pekee, inangojea mama yake aigawe kisha kilio. Ya mutu mwenye iko hai inachanganyika na ya batoto yake mu gunia moja. Hata mutoto wa hapa anajua."

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ulinituma kuita chef d'avenue."

Baada ya hapo mambo hayakumngoja Camille. Wanawake waliingia miguu mitupu, vitenge vimefungwa viunoni, wakajitupa chini kumzunguka Scholastique. Wanaume walileta kuni na kuziweka katikati ya ua, mahali pale pale palipokuwa na kiti cha Anselme. Anselme mwenyewe alikuwa ameegemea ukuta, paji la uso juu ya tofali, mabega yanatikisika. Alilia kweli, Camille alimwona, na angefurahi kama angemwona anaigiza. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa koti, akawaambia wapakiaji maneno mawili tu: "Shusheni bintu."

Wakashusha. Magodoro yakarudi ndani, na meza. Dereva alibishana kidogo kuhusu siku yake iliyopotea, kisha akavua kofia kama wengine.

Camille alichukua PV ya Jeannine katika kile chumba kitupu, mlango umefungwa, Denise akiandika. Safari hii Jeannine hakujibu haraka. Alikwama, akarudi nyuma, akakosea siku, na kila neno lilikuwa kweli.

Biashara ya samaki ilikuwa imekufa tangu barabara ilipoharibika. Honoré hakumwambia kaka yake. Alikwenda kuingia mashimoni nyuma ya Iga Barrière, yeye na Claude, wachimbe mwezi mmoja, warudi na mtaji. Siku ya tatu mvua ilinyesha na udongo ukashuka. Claude alikuwa juu. Alichimba na majembe, na yalipovunjika alichimba na mikono, yeye na watu wengine wawili, mpaka kesho yake. Walimzika pale pale, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumbeba.

"Claude alikuambia wapi?"

"Ku kisima. Nilikuwa nachota maji. Nilimuambia asimuambie mutu mupaka nivuke na batoto. Nilikuwa nangojea dada apate nyumba."

"Alijua watamushika?"

"Alijua. Alisema siku kumi na tano anaweza kuvumilia. Alisema Honoré angemufanyia vile vile."

Denise aliacha kuandika kidogo, akafuta pua, akaendelea.

"Siku trente-deux haukulia?" Camille aliuliza. Swali hilo halikuwa la lazima kwenye PV.

"Nililia ku muto, siku ya kufua. Kule maji inapiga kelele."

"Ungechanganya zile nguo na za batoto, mimi ningepita tu."

"Najua."

"Kwa nini haukuchanganya?"

Jeannine alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mkono wa kuume. "Ni mama yake, chef. Namuibia bajukuu, naondoka nabo mu boti hata asijue mutoto wake amekufa. Akija kuuliza nguo, nayo nimuibie? Nilisema hii moja nimuachie."

Akasaini. Sahihi yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyemaliza shule.

Camille alitoka nyuma ya nyumba, akampigia komanda. Alieleza kila kitu kwa mpangilio: shimo, mvua, majembe, kaburi. Alikuwa bado na tumaini kwamba angalau mmoja angeokoka kwenye kazi ya siku hiyo.

"Kwa hiyo amekufa," komanda alisema.

"Ndiyo, komanda. Aksida, udongo ulimuangukia."

"Asubuhi alikuwa mutu amepotea. Sasa ni maiti. Iko wapi hiyo maiti?"

"Ku mashimo, nyuma ya Iga Barrière."

"Na nani atapeleka gari kule? Weye? Wiki hii hata askari hawapite. Na hao wawili wenye walichimba naye?"

"Hatujue majina, komanda."

"Basi tuko na maiti yenye haionekane, na mutu wa mwisho kuwa naye, na muke mwenye alikubaliana naye kuficha. Weka ile PV yako mu dosie. Andika juu, kuua. Kesho anaenda parke."

Camille alisema ndiyo. Angesema nini? Alisimama pale karibu na kisima kwa muda, akitafuta mlango mwingine katika mambo hayo, na kila mlango aliougusa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameufunga asubuhi. Alikuwa amesema kweli tupu, amefuata kanuni zote, na amewamaliza watu wawili kabla ya saa sita.

Alirudi uani kwa Anselme. Alimwambia kwamba Kode ya familia iko wazi, kwamba mjane ana haki ya nyumba na watoto ni wa mama yao. Alitaja hadi namba za vifungu.

Anselme alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Macho yake yalikuwa mekundu. "Inspekta, aksanti. Weye njo ulitusaidia kujua, Mungu akulipe. Lakini sheria iko ku ofisi. Hapa ni kilio. Tulizaliwa wanaume watano. Siye tunabaki watatu. Batoto ya Honoré bakienda Uganda, jina yake nani ataita?"

Alisema bila ubaya wowote. Camille alitafuta mtu wa kumchukia katika ua ule, hakumpata.

Jeannine alikuwa amekalishwa juu ya mkeka kati ya wanawake, kilemba kimeondolewa, na shangazi mmoja alikuwa anapasha maji ya kumnyolea. Wajomba na baba wakubwa waliokuwa wakiingia walisalimiana, wakaongea kwa sauti za chini karibu na geti. Jina moja la mahali lilisikika, kisha lingine: Bule, Mudzipela. Pikipiki mbili zilikuwa zimeegeshwa nje, na vijana wake hawakuzima injini. Jeannine alisikia. Alijaribu kuinuka, na mikono ya wanawake ikamrudisha chini taratibu, huku ikimpapasa mgongo.

Divine alikuja mbele ya Camille na gunia la nguo zake na za mdogo wake anayemfuata, lile la mwisho kushushwa lorini. Tangu asubuhi alikuwa amemwona mtu huyu akisoma kila kitu kwa sauti na kuandika mahali pake, na katika ua ule uliochafuka alionekana kuwa ndiye anayejua.

"Papa, hii niiweke wapi?"

Anselme ndiye aliyemjibu kutoka nyuma, kwa sauti ya kuchoka. "Yako ku pikipiki ya kwanza, mama. Ya mudogo yako ku ile ingine."

Msichana aliitika kwa kichwa. Aliketi chini, akafungua ule mpira ambao mama yake alikuwa ameuvuta kwa nguvu zote, akaanza kuzitenga nguo katika mafungu mawili: sketi huku, kaptula kule, shati la shule huku. Alifanya vizuri na kwa haraka, kama aliyefundishwa. Karibu na mwisho alikuta sweta moja nzito ya buluu, ambayo yeye na mdogo wake walikuwa wakiivaa kwa zamu asubuhi za baridi. Aliiweka kwenye fungu lake. Akaitoa, akaiweka kwenye lile lingine. Kisha akaichukua tena, akaishika mapajani, akawa anamngoja Inspekta aseme iandikwe upande gani.